Beseni Kichwani

Kolwezi, jioni ya kuamkia safari yako

Monga,

Umetoka saa nane kwenda Mutoshi kuaga wenzako wa kwaya. Ukirudi utakuta nyumba imejaa: shangazi zako na sufuria zao, mjomba wako na kelele zake. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kukaa peke yangu mezani. Naandika nyuma ya karatasi za taarifa ya habari, kwa sababu hizo ndizo karatasi zilizoko nyumbani, na kwa sababu mkono wangu umezizoea. Miaka ishirini na sita nimeandika habari za watu wengine kwenye karatasi hizi.

Habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya marafiki wa kuepuka huko Lubumbashi, sitaiandika. Shangazi yako Marceline ameshakuambia mara tatu, na ya nne atakuambia kesho akiwa amesimama chini ya dirisha la basi. Mimi nina jambo moja. Ni simu niliyokupigia shule ya bweni, Likasi, siku baba yako alipokufa. Miaka minne sasa hatujaizungumza. Sitaki upande basi kesho tukiwa bado hatujaizungumza, na kuna sehemu ya siku ile ambayo huijui.

Pengine ningeendelea kunyamaza kama si Jumapili. Unakumbuka mjomba wako Banza alivyoanza kuhusu masomo yako ya ustawi wa jamii, bukari bado ya moto mbele yetu.

“Assistant social! Mutoto mwanaume, mutoto wa Kolwezi, shaba iko chini ya kitanda yake, anaenda kusoma kazi ya kupanguza bamama machozi. Utabeba mouchoir ngapi, we?”

Watu wakacheka, na wewe pia ulicheka. Kisha ukasema, “Mjomba, kupanguza machozi bote banajua. Mi naenda kujifunza namna ya kuambia batu.”

“Kuambia batu nini?”

“Ile maneno yenye hakuna mutu anapenda kusikia.”

“Aa, basi unaenda Lubumbashi juu ya nini? Mama yako ni wa radio! Angekufundisha bule.”

Wakacheka tena, mjomba wako kuliko wote. Hakujua alichosema. Wewe ulikata tonge la bukari, ukalifinyanga muda mrefu, ukalirudisha kwenye sahani. Mimi niliinuka kwenda kuleta maji, na mtungi ulikuwa mezani, umejaa.

Nitaanza mbali kidogo. Sitafuti kisingizio. Nataka tu ujue nilitoka wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoletwa Kolwezi kusoma, kwa baba yangu mdogo. Mama yangu, bibi yako ambaye hukuwahi kumwona, alibaki kwetu kaskazini, ng'ambo ya Kamina. Siku moja mama mdogo aliniambia, “Mama yako anagonjwa kidogo.” Akasema hivyo tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nimeshona kitambaa cha kichwa shuleni, cha kijani, na pindo lake halikunyooka. Nikaomba kipelekwe kwa mama kwa lori lililokuwa likienda kule. Baba mdogo alikichukua, akakikunja vizuri, akampa dereva. Siku chache baadaye msichana mmoja bombani aliniuliza kwa nini nywele zangu hazijanyolewa. “Si mama yako alikufa? Mama yangu alienda ku kilio.” Kumbe alikuwa amezikwa kabla sijamaliza pindo la kile kitambaa. Watu wazima wa nyumba ile walinitazama nikimshonea marehemu kitambaa, na hakuna aliyenishika mkono.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanangoja siku nzuri ya kusema, na siku hiyo haikufika. Lakini pale bombani niliamua kwamba mimi, nikiwa na jambo, nitalisema kama lilivyo, siku ile ile. Nadhani hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, si kwenye ile redio. Na watu walinisifu kwa hilo. Walisema mama huyu akitangaza kwamba mtu amekufa, basi amekufa kweli.

Unajua jinsi habari za kifo zinavyopelekwa kwetu. Hazisemwi njiani. Anatumwa mtu, mara nyingi wawili, wamama wa kanisa au ndugu. Wanamfuata mwenye msiba kazini au sokoni, wanamwambia arudi nyumbani mara moja, mtoto ana homa, au kuna mgeni. Wanambebea mzigo wake. Njiani wanazungumza habari ya mvua. Anapokata kona anaona viti vya plastiki vimepangwa uani, na miguu yake inajua kabla ya kichwa. Wanamketisha mkekani, mmoja nyuma yake, mmoja kila upande. Ndipo mzee wa ukoo anasema. Mimi niliuita huo wote uongo. Nilisema hivyo hata redioni, kwenye kipindi cha Jumatano, na wasikilizaji wengine walinipigia kunipongeza.

Ulikuwa na miaka tisa shimo lilipoporomoka upande wa Musonoi. Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi. Nilipanda pikipiki, nikafika watu bado wanavuta udongo kwa mikono. Mkuu wa kikosi kile cha wachimbaji alinipa majina ya waliokufa. Nikayathibitisha kwa mtu wa pili, kisha kwa wa tatu aliyekuwa ameshuka nao. Majina manne. Herufi kwa herufi. Nikarudi studio, na saa sita na nusu nikayasoma. Baada ya majina nikasoma matokeo ya mpira.

Jina la pili lilikuwa la mume wa Mama Feza. Alikuwa akiuza makayabu, wale samaki wa chumvi, kwa kuzungusha mtaani. Alikuwa anapita mbele ya kibanda cha watengeneza simu, beseni kichwani, na pale kibandani redio huwa wazi kutwa nzima. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, na mpira pia. Kisha akageuka, akaanza kwenda Musonoi kwa miguu, beseni lile lile kichwani. Ni mwendo mrefu, unaujua, na jua la saa saba. Watu walimpisha. Waliokuwa wamesikia redio walimpisha zaidi, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyemsaidia. Ukishasikia jambo redioni, unaona limekwisha kusemwa, hakuna kazi iliyobaki kwako.

Na mimi nilikuwa nimerudi shimoni na kinasa sauti, kutafuta sauti za taarifa ya jioni. Nikamwona mwanamke anakuja na beseni kichwani, uso umekauka. Sikumjua. Nikamkaribia, nikamwekea kipaza sauti.

“Mama, habari umeipata namna gani?”

Akanitazama. Alitambua sauti yangu kabla ya uso.

“Kwa we,” akasema. “Nilisikia kwa we.”

Hapo ndipo alipoangua kilio, beseni likamponyoka, na samaki wakamwagika udongoni.

Jioni ile nilikata jibu lake, nikabakiza kilio. Kilikuwa na nguvu, na kipindi kilikuwa na dakika zake. Nimekuambia hili kwa sababu wewe utapewa daftari na fomu, na nitakuja kwenye hilo.

Usiku ule sikufikiri kwamba nimekosa. Majina yalikuwa sahihi. Mkurugenzi wetu, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu zamani, ndiye aliyeniita asubuhi. Aliniuliza swali moja tu: “Ile saa ulikuwa unasoma, uliwaza nani alikuwa anasikia?” Nikasema nawawazia wasikilizaji wote. Akasema, “Njo maana.” Siku hiyo niliandika kwa mkono wangu kanuni, nikaibandika ukutani studio: jina la marehemu halisomwi kabla ukoo haujatuma mtu. Karatasi hiyo ipo hadi leo, imekuwa ya njano. Waandishi vijana wakiingia kazini, mimi ndiye ninayewasomea.

Kwa hiyo miaka sita baadaye, siku baba yako alipokufa hospitalini Lubumbashi, nilikuwa najua. Hicho ndicho kinachonikera. Ningekuwa sijui, barua hii ingekuwa fupi.

Baba yako alikufa saa nne na dakika kumi asubuhi. Walikuwa wamemtoa chumba cha upasuaji tangu juzi yake, na madaktari walikuwa wameridhika. Alikunywa chai. Alilalamika kwamba mto wa hospitali una harufu ya dawa. Kisha moyo ukasimama, na waliokuja mbio hawakuweza kuurudisha. Nilitoka nje kwenye korido, nikapiga simu kwa mjomba wako, aliyekuwa pale pale Lubumbashi kutusaidia, kwa kanisa, kwa kampuni alikokuwa karani wa ghala. Simu ya nne ilikuwa kwa prefe, mkuu wa shule yako. Nikamwambia naomba kuzungumza na mwanangu. Sikumwambia kwa nini. Akakutoa darasani.

Nakumbuka kila neno langu, kwa maana niliyapanga kichwani kama sentensi za kwanza za taarifa.

“Monga, ni mama. Papa yako alikufa leo asubuhi, saa ine na dakika kumi. Ni moyo. Mazishi ni samedi, Kolwezi. Mjomba atakuja kukuchukua kesho.”

Ukasema, “Ndiyo, mama.”

Nikauliza, “Umesikia?”

Ukasema, “Nimesikia.”

Nikakata mimi.

Nilijivunia, Monga. Nilijiambia kwamba mwanangu hatashona kitambaa cha mtu aliyekufa. Nilijiambia nimekuheshimu, nimekuambia kweli, saa ile ile, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa ile sehemu usiyoijua. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni saa mbili kwa gari, tatu malori yakiziba njia. Tuliondoka na mwili saa nane. Mjomba wako alikuwa mbele na dereva, mimi nyuma. Tuliingia Likasi saa kumi na moja. Barabara inapita mbali kidogo na shule yenu, lakini ukiangalia kulia unaona paa la kanisa la watawa. Dereva akapunguza mwendo. Mjomba wako akageuka, akaniuliza, “Tumukamate mutoto, tuende naye?”

Nikasema hapana. Nikasema una mitihani, na safari ya usiku na maiti si ya mtoto. Nikasema utachukuliwa kesho kama ilivyopangwa. Sababu zote zilikuwa nzuri. Mjomba wako akageukia mbele, dereva akaongeza mwendo.

Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa uso wako. Simu haina uso. Nilikupigia simu kwa sababu hiyo hiyo, si kwa ajili ya kweli wala kwa ajili ya bombani. Nilijua kwamba nikikaa mbele yako nitalazimika kubaki pale baada ya kusema, na mimi kazi yangu imenifundisha kusema na kuondoka. Mjomba wako hajawahi kulitaja hilo. Mzaha wake wa Jumapili haukuhusu siku ile, amesahau. Mimi sijasahau lile paa.

Yaliyotokea upande wako niliyajua mwaka mmoja na nusu baadaye, nilipokwenda shuleni kuchukua karatasi yako ya matokeo. Prefe alinikaribisha ofisini, akafunga mlango. Alisema kwamba siku ile uliweka simu mezani, ukasema “Merci, Prefe,” ukarudi darasani. Kulikuwa na jaribio la jiometri. Ulilimaliza. Ulipata kumi na nne juu ya ishirini. Mchana ulikula, jioni ulifagia zamu yako, ukalala katikati ya vijana arobaini na hakuna hata mmoja aliyejua. Prefe mwenyewe alijua kesho yake, mjomba wako alipofika na shati jeusi.

“Mama,” akaniambia, “ungeniambia mi mbele. Ningekaa naye tu. Hata bila kusema kintu.”

Hakulisema kwa ukali. Nikamwuliza kama lile jaribio bado lipo. Sijui kwa nini niliuliza. Akanitafutia. Ninalo, Monga, liko kwenye bahasha ya vyeti vya baba yako. Mistari yote imenyooka. Nimelitazama mara nyingi nikitafuta mahali mkono ulipotetemeka, na sikupaona.

Ningezungumza nawe likizo ile ile. Badala yake nilianza kukuletea fomu za chuo cha madini. Nilisema Kolwezi haihitaji watu wa kulia na watu, inahitaji wanaojua kusoma mwamba. Nilisema, na mbele ya shangazi yako, kwamba kazi unayoitaka ni kazi ya watu wasio na kazi. Ulinisikiliza kama ulivyonisikiliza kwenye simu. “Ndiyo, mama.” Kisha ukajaza fomu zako mwenyewe na kuzipeleka mwenyewe, nami nikapata habari jina lako lilipotokea kwenye orodha ya chuo kikuu cha serikali. Niliona umeniasi. Jumapili ndipo nilipoelewa kwamba umechagua kazi ambayo siku ile haikuwa na mtu wa kuifanya.

Jumanne nikaenda Musonoi. Sikukuambia. Nilikwenda bila kinasa sauti, na mkono wangu ulikuwa ukikitafuta mfukoni njia nzima.

Mama Feza sasa ana meza yake chini ya bati, karibu na pale pikipiki zinaposimama. Bado ni makayabu. Feza mwenyewe ameolewa, ana mtoto. Mama yake aliniona nikiwa bado mbali, akaweka mikono kiunoni, akawaambia wenzake wa meza za jirani kwa sauti ya kunifikia:

“Mufunge masikio, bamama! Mama ya radio anakuya. Leo nani anakufa?”

Wakacheka kwa nguvu, mmoja akajifunika kitenge usoni. Nikangoja wamalize. Nikamwambia nimekuja kumwomba samahani.

“Ya nini?”

“Ya siku ile.”

“Ile siku?” Akachukua samaki mmoja, akamkung'uta chumvi, akamrudisha. “Miaka kumi, mama. Ulikuwa unapita wapi?”

Akanisukumia kigoda kwa mguu. Nikaketi. Tukakaa muda, akauza samaki wawili, akabishana na mteja, akamwita mwizi kwa upendo. Kisha, bila kunitazama, akasema:

“Batu banawaza nilikasirika juu ulisema kweli. Hapana. Kweli ni kweli. Bwana yangu alikuwa amekufa, ulitaka useme alienda Zambia? Mi nilitaka mutu mumoja tu anishushe beseni kwanza. Njo ile tu. Anishushe beseni, nikae, kiisha aseme. We ulisema na beseni iko ku kichwa.”

Nikamweleza habari yako. Kwamba unakwenda Lubumbashi, miaka mitano, kusomea kazi ya kukaa na watu wenye shida. Akastaajabu kweli.

“Miaka tano? Kujifunza kushusha beseni?” Wenzake wakacheka tena. Halafu akaacha kucheka. “Ni muzuri. Asome vizuri. Na we, ulimushusha?”

Nikamwuliza anataka kusema nini.

“Mutoto. Papa yake alikufa, tulisikia, ulitangaza. Ye, ulimwambia aje?”

Nikamwambia. Simu, saa, Jumamosi ya mazishi, yote. Sikumwambia tulivyopita Likasi; hilo nalisema kwako kwanza. Kisha akafunga samaki watatu kwenye gazeti, wakubwa, akanisukumia. Nikataka kukataa. “Haiko ya we,” akasema. “Ni ya mutoto. Na unitoke hapa, uende umuambie vile inafaa.”

Hao ndio makayabu uliowala jana na kuuliza shangazi yako amewanunua wapi.

Sasa ile habari ya daftari. Siijui kazi yako, na sitajifanya naijua. Lakini najua kalamu. Watakupa fomu zenye mistari: jina, umri, idadi ya watoto, tatizo. Utapelekwa kwenye nyumba za watu, huko Lubumbashi na pengine siku moja hapa, Musonoi au karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba, na fomu hiyo itakuwa mkononi mwako kama kinasa sauti kilivyokuwa mkononi mwangu. Inasaidia sana. Inakupa kitu cha kutazama mtu anapolia. Mimi nimetazama kinasa sauti miaka ishirini na sita, nimehakikisha taa nyekundu inawaka, na nimeona nyuso chache kuliko watu wanavyodhani. Ukijikuta umeshukuru kwamba kuna fomu, simama kidogo. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha. Watu wazuri zaidi watakufundisha.

Usinielewe kwamba sasa nasifu kuficha. Kile kitambaa cha kijani bado kinaniuma. Wale walinyamaza kwa sababu waliogopa uso wangu, mimi nilisema haraka kwa sababu niliogopa wako. Imenichukua miaka mingi kuona kwamba tulifanya jambo moja.

Jua linashuka, na nasikia sauti ya shangazi yako langoni, kwa hiyo nifike nilikotaka kufika.

Siku ile ningefanya hivi. Ningemwambia prefe, yeye peke yake, na kumwomba asikuache peke yako mpaka nifike. Ningemwacha mjomba wako na mwili, nikapanda gari la kwanza la Likasi. Ningefika saa saba, mnakaribia kutoka darasani. Ungetoka na madaftari mikononi, ungeniona nimesimama mahali ambapo huwa sisimami kamwe katikati ya muhula, na ungejua nusu. Nisingekuzungumzia mvua. Ningechukua madaftari yale mikononi mwako. Kuna benchi la saruji karibu na bomba. Baba yako alikuwa akipumzika hapo kila alipokusindikiza, kwa sababu aling'ang'ania kukubebea begi hata ulipokuwa mrefu kumpita. Tungeketi hapo. Ningekaa upande wako, begani kwako, si mbele yako. Ningesema: Monga, baba yako amekufa leo asubuhi. Kisha ningefunga mdomo. Saa na dakika ningengoja uniulize, na usipouliza ningebaki nazo. Ungelia au usingelia. Kengele ingelia, wenzako wangepita, zamu yako ya kufagia ingefanywa na mwingine. Nami ningekaa pale mpaka wewe uinuke kwanza.

Ni hicho tu. Kingechukua labda saa moja.

Basi lako linaondoka saa kumi na mbili. Nimewaambia shangazi zako waje kituoni saa kumi na mbili kasoro robo. Wewe na mimi tutakuwa tumefika saa kumi na moja. Kuna benchi la mbao mbele ya mahali wanapokatia tiketi. Nililiangalia Jumanne nikirudi, liko imara. Barua hii nitakupa leo kabla ya chakula, uisome chumbani, ukae nayo usiku. Huna haja ya kuniambia kitu chochote leo. Kesho pia, kama hutaki. Unaweza kukasirika, nami sitajibu kwa sababu nzuri nzuri.

Begi nitabeba mimi kutoka hapa mpaka kituoni. Najua ni zito, na najua utalalamika mtaa mzima unatuona. Nitaliweka chini ya benchi, nitaketi upande wako, nami sitaangalia saa.

Mama yako